Mgonjwa wa MS Asiharakishe Kuacha Kazi

Kila inapokaribia tarehe 30 Mei, Siku ya MS Duniani, kliniki yetu ya mishipa ya fahamu huulizwa swali lilelile: je, mgonjwa wa multipo sklerosisi (MS) aache kazi? Tunashauri asiandike barua ya kuacha kazi kabla ya tiba na sheria kupewa nafasi. Ugonjwa huu, ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva, katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, huwaanza wengi wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na kwa walio wengi huibuka na kutulia. Kwa kuwa akitulia huonekana mzima, wasimamizi humwona mtegaji, ilhali uchovu wake hauondoki kwa kulala usiku mmoja.

Joto huzidisha dalili kwa muda, nazo hupungua mwili unapopoa. Kwa hiyo, Dar es Salaam, kazi nzito kupangwa asubuhi na meza kuwekwa karibu na feni si upendeleo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti cha daktari aliyesajiliwa kiwasilishwe, kwani bila hicho mwajiri halazimiki kulipa. Aliyeachishwa kazi isivyo halali hujaza Fomu Namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akichelewa, ataomba kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu.

Lazima tuseme wazi: MS haiambukizi, na wala si zongo. Wapo wanaofikishwa kwetu baada ya miezi mingi ya kuzungushwa kwa waganga, huku neva zikiendelea kuumia. Dawa haziponyi, lakini hupunguza mashambulizi, na Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu, rituksimabu ikiwemo, katika orodha ya dawa muhimu.

Wanawake, ambao ndio wengi miongoni mwa wagonjwa, wanaweza kushika mimba na kujifungua salama; ila baadhi ya dawa husitishwa mapema, hivyo daktari aelezwe kabla ya mimba kutungwa, si kadi ya kliniki ikiwa tayari mkononi.