Neno la Rais likishasemwa huenda wapi?

Tarehe 13 Septemba 2022 tulikaa barazani kwetu, Mji wa Kale, redio iko dirishani, tukisikiliza Rais William Ruto akiapishwa Kasarani. Aliposema kwamba alasiri ile ile angetoa maagizo shughuli za kuondosha mizigo zirudi bandari ya Mombasa, jirani yangu, wakala wa forodha tangu ujana wake, aliinua mikono akashukuru. Asubuhi yake alinikuta natoka msikitini. "Ami," akasema, "lile neno la jana, sasa hivi liko wapi?"

Nimefanya kazi ya ukatibu wa vikao vya serikali Nairobi miaka 26 kabla ya kurudi nyumbani, na hilo ndilo swali lenyewe la kazi yetu.

Neno la kiongozi jukwaani ni ahadi. Kifungu cha 135 cha Katiba ya 2010 kinasema uamuzi anaoutoa Rais kwa mamlaka ya Katiba hiyo uwe kwa maandishi, tena uwe na muhuri na sahihi yake. Kifungu cha 153 kinataka uamuzi wa Baraza la Mawaziri nao uandikwe. Kisha 154 kinamweka mtu wa kuilinda kazi hiyo: Katibu wa Baraza la Mawaziri, anayeteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Yeye hupanga shughuli za Baraza, huweka kumbukumbu za vikao, na hufikisha maamuzi kwa wanaohusika. Kwenye karatasi kazi hizo zinaonekana nyepesi.

Chukua waraka mmoja tu. Wizara ikitaka jambo liamuliwe, huandika waraka: tatizo ni lipi, tunaomba nini, gharama yake ni kiasi gani. Kabla haujafika mezani, Hazina iwe imesema kama fedha zipo, Mwanasheria Mkuu awe ameangalia kama sheria inaruhusu, na wizara nyingine zitakazoguswa ziwe zimesomeshwa. Kazi ngumu ya sekretarieti iko hapa, na watu wa nje hawaioni. Unampigia simu afisa wa wizara jirani mara ya tatu. Unarudisha waraka kwa sababu aya ya mapendekezo inaomba mambo mawili yanayopingana. Waziri akiona unamchelewesha, umwambie kwa adabu na usirudi nyuma, maana waraka mbichi ukiingia kikaoni, wakubwa wote wale watapoteza saa nzima wakibishana juu ya hesabu ambayo mtu angeisahihisha kwa dakika kumi.

Halafu kuna kumbukumbu zenyewe. Katika faili kila karatasi hupewa nambari pembeni juu, mkono wa kulia, ili ikinyofolewa pengo lionekane. Mjadala unaandikwa kwa ufupi. Uamuzi haufupishwi: nani atafanya, nini, kufikia tarehe gani. Kila anayehusika hupelekewa dondoo la uamuzi wake peke yake, na tarehe ya kuulizia huandikwa juu ya jalada ili mtu wa masjala alitoe faili siku hiyo bila kukumbushwa.

Hili nililijua kwa machungu. Nikiwa kijana, kwenye kamati moja iliyohusu maji ya vijiji fulani, niliandika: "Ilikubaliwa suala lishughulikiwe haraka." Sikuandika nani. Idara mbili zilikuwa kikaoni, na kila moja ikaondoka ikiamini mwenzake ndiye. Miezi minne baadaye mkubwa wangu aliliweka faili mbele yangu, akaweka kidole juu ya ile sentensi, akakaa kimya. Vijiji vile vilingoja miezi minne kwa sababu ya neno nililoliacha. Mpaka leo nikisoma "lishughulikiwe" mahali popote, jicho langu hutafuta jina.

Sisi wa Mombasa tuna sababu yetu ya kujua thamani ya jambo lililoandikwa mapema. Mzee Jomo Kenyatta alifariki hapa hapa, Ikulu ya Mombasa, alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978. Siku hiyo hiyo Daniel arap Moi aliapishwa Nairobi kushika nafasi kwa siku zisizozidi 90, kwa sababu Katiba ya wakati ule ilishasema makamu ndiye atakayeshika.

Na maandishi humkinga raia pia. Jirani yangu anaikumbuka vizuri Novemba 2020, Mahakama Kuu hapa Mombasa ilipoamua kwamba maagizo ya kulazimisha mizigo ipande reli mpya yalikiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Maagizo yale yalikuwa na tarehe na ofisi iliyoyatoa, ndiyo maana mawakili waliweza kuyaweka mbele ya majaji. Amri ya mdomo ungeishika wapi? Kwa hiyo mtu akiniambia makaratasi ya serikali ni ya kuchelewesha tu, huwa simwachi aende zake kabla hatujazungumza.

Nilimjibu jirani hivi: neno sasa linatafuta karatasi, na karatasi hiyo una haki ya kuiulizia. Mjadala wa Baraza la Mawaziri ni siri, lakini agizo linaloongoza kazi yako si siri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa ikupe uamuzi katika siku 21.

"Kwa Kiswahili?" akauliza.

Kwa Kiswahili. Tuliingia ndani, bibi akatuletea kahawa, nikampa kalamu. Alipoandika "naomba nijulishwe kuhusu agizo la bandari", nilimzuia. Agizo lipi, la tarehe gani, kutoka ofisi gani? Akaikata ile sentensi, akaanza upya.