Kadi ya gemu, pawa saplai mbili na stima inayokatika

Juzi kijana wa Majengo aliniletea Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, mashini ya ofisi iliyozeekea Ulaya kabla ya kushushwa Kilindini. Kwapani kabana mfuko wenye kadi ya gemu, GTX 1060. "Ami, nitilie hii nicheze."

Nikafungua ubavu. Pawa saplai, lile boksi linalolisha kompyuta umeme, ni ya wati 290, haina plagi ya kadi hata moja, na mathabodi yake, ubao mkuu wa kompyuta, haipokei plagi ya kawaida ya pini 24. Adapta za kugeuza zipo, lakini nyumbani alikuwa na pawa saplai nzima ya wati 500 iliyotoka kwenye mashini iliyokufa. Basi tukaamua ile ya zamani iendeshe kompyuta, na hii ikae nje ya kasha ilishe kadi.

Hesabu haina ugumu. Sloti ya PCIe, tundu la mathabodi kadi inapochomekwa, hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 hutoa 75 nyingine, ya pini 8 hutoa 150. Kadi hii hula wati 120, kwa hivyo sloti peke yake haiiwezi. Kuna wanaotoa umeme kwenye waya wa diski, SATA, kwa adapta ya bei ya chai. Mimi niliwahi kufanya hivyo. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea moja na nusu, jumla wati 54. Unaiomba 75 za plagi ya pini 6. Nilinusa plastiki kabla sijaona moshi, na waya wa manjano ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa. Sijarudia.

Wengi huhofia wati, ila matata yako kwenye kuwasha. Pawa saplai isiyo na mathabodi hailali wala haiamki yenyewe: lazima waya wa kijani uguswe na mweusi kwenye ile plagi ya pini 24. Vijana hukunja klipu ya karatasi wakaichomeka hapo. Inafanya kazi, sikatai. Unawasha ya nje kwanza, halafu unabonyeza kompyuta. Ukizima, unaanza na kompyuta.

Sasa stima ikatike saa mbili usiku, kama tunavyoijua. Zote mbili zinazima pamoja, sawa. Ikirudi, kompyuta inabaki imelala ikisubiri kidole chako, lakini ya nje inaamka papo hapo maana klipu bado imo. Feni ya kadi inazunguka, volti 12 zinaingia kwenye kadi iliyochomekwa kwenye mathabodi isiyo na umeme, na umeme unaweza kupenya kinyumenyume kupitia sloti. Wewe umelala fofofo.

Ndiyo maana klipu siitaki. Nilimfungia kibao kidogo cha saketi chenye rilei, swichi inayoendeshwa na umeme: kinachukua volti 12 kutoka kwa pawa saplai ya kompyuta, na ikiamka, rilei inaunganisha waya wa kijani na mweusi wa ile ya nje. Zinaamka pamoja, zinalala pamoja. Tena kibao kinaziunganisha nyaya nyeusi, ndizo sifuri ya umeme, za pande zote mbili, jambo ambalo ni lazima, kwa sababu volti 12 za huku hazina maana kule ikiwa sifuri zao hazilingani. Nyaya za manjano, za volti 12, za pawa saplai hizi mbili usizifunge pamoja kamwe. Kila moja itataka kuitawala mwenzake.

Kwa kawaida sifuri hizo hukutana pia kupitia athi ya ukutani, waya wa ardhini. Kwa kawaida. Ekstenshoni aliyokuja nayo ilikuwa na plagi ya pini mbili, athi hakuna kabisa. Niliikata nikafunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13, nikapima athi kwa multimita hadi ikalia, ndipo nikamruhusu aondoke nayo.