Je, wajua kwa nini jani la monstera lina matundu, na kwa nini la kwako bado halina?

Wengi hununua monstera kwa sababu ya jani lake: pana, la kijani kilichokolea, lenye mikato mirefu pembeni na matundu karibu na mshipa wa katikati. Kisha hukaa nayo sebuleni miezi na miezi, na kila jani jipya likifunguka ni zima, lina umbo la moyo, halina hata tundu moja. Hapo ndipo ushauri wa kila aina humiminika: ongeza mbolea, badilisha udongo, mwagilia kila siku. Wapo hata wanaochukua mkasi wakalikata jani wenyewe. Jibu haliko kwenye mbolea wala kwenye mkasi. Liko msituni, mmea huu ulikotoka.

Monstera deliciosa ni mmea wa misitu ya mvua kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Mtaalamu wa mimea wa Denmark, Frederik Liebmann, ndiye aliyeupa jina la kisayansi mwaka 1849. Sisi tunawajua ndugu zake vizuri: magimbi, ambayo Wakenya huyaita nduma, ni ya ukoo huohuo. Lakini gimbi husimama ardhini, ilhali monstera hupanda miti. Huanza maisha chini kabisa, kwenye kivuli kizito, hutambaa mpaka ipate shina la mti mkubwa, kisha hulishika kwa mizizi inayotoka kwenye shina lake yenyewe na kupanda mita nyingi kwenda juu.

Safari hiyo ina jambo la ajabu. Mwaka 1975, Donald Strong na Thomas Ray walichapisha katika jarida la Science utafiti wao kuhusu spishi nyingine ya monstera. Waliona kwamba mche wake mchanga hautambai kuelekea kwenye mwanga kama tulivyozoea kwa mimea. Huelekea gizani, kwa kuwa mahali penye giza zaidi karibu yake huwa ni shina la mti mnene. Ukishalifikia, ndipo hugeuka na kuifuata nuru ya juu. Na kadiri monstera inavyopanda ndivyo majani yake yanavyozidi kuwa makubwa.

Sasa tuje kwenye tundu lenyewe. Halitobolewi na mdudu, wala halichanwi na upepo. Jani likiwa bado changa na limejikunja, seli za sehemu fulani fulani hufa kwa utaratibu, kana kwamba zimepewa amri. Arunika Gunawardena na wenzake waliuchunguza ufaji huo katika Monstera obliqua na kuueleza mwaka 2005. Tundu huanza likiwa dogo kama lililochomwa kwa sindano, kisha hutanuka pamoja na jani. Kwa mwenye mmea nyumbani hapa kuna habari muhimu: jani likishafunguka zima, litabaki zima hadi lidondoke. Usilingoje litoboke. Kinachopaswa kuangaliwa ni jani linalofuata.

Lakini mmea unafaidika nini kwa kuitupa sehemu ya jani lake, na jani ndilo jiko lake la chakula? Zamani watu walipendekeza kwamba matundu hupitisha upepo ili jani lisichanike, au huruhusu maji ya mvua yafike kwenye mizizi. Hoja inayonivutia zaidi ni ya Christopher Muir, aliyeitoa mwaka 2013 katika jarida la The American Naturalist alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Indiana. Chini ya msitu mnene nuru haiji kwa usawa. Huja kwa vipande vidogo vya jua vinavyopenya matawi, vikatua hapa kwa muda mfupi na kuhamia pale. Tuseme mmea una kiasi fulani cha nyama ya jani. Unaweza kutengeneza jani dogo lisilo na tundu, au kukitandaza kiasi hichohicho kikawa jani pana lenye matundu. Hesabu za Muir zinaonyesha kwamba kwa wastani yote mawili hupata nuru sawa. Tofauti ni kwamba jani dogo zima huambulia nyingi siku moja na kukosa siku nyingine, ilhali jani pana lenye matundu hugusa kipande cha jua mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Ni kama kibarua anayelipwa kidogo kila jioni akilinganishwa na yule anayelipwa nyingi kwa siku asizozijua. Jumla yao inaweza kulingana, lakini wa pili ndiye atakayelala njaa. Kwa mmea unaoishi gizani, siku za njaa ndizo zinazoua.

Kwa hiyo monstera yako isipotoboka, kwanza angalia umri. Mche mdogo wa majani matatu au manne bado ni mtoto, na majani ya utotoni huwa mazima. Huo si ugonjwa. Ukiwa mkubwa na bado hautoboki, mara nyingi tatizo ni mwanga. Nyumba zetu nyingi zina baraza pana, nondo, wavu wa mbu na pazia zito juu yake, na kona ya sebule inayotutosha sisi kusoma gazeti ni giza kwa mmea. Usogeze karibu na dirisha. Dirisha la mashariki ni zuri sana, maana jua la asubuhi ni pole. Jua kali la mchana likiupiga moja kwa moja, hasa mmea uliotoka kivulini, majani huungua na kubaki na madoa makavu ya kahawia yasiyopona.

Jambo la pili ni kupanda. Wengi huliacha shina litambae nje ya chungu, kisha wanashangaa majani kubaki madogo. Simika mti imara nyuma ya shina, uuzungushie usumba wa nazi kwa kamba, na uulowanishe mara kwa mara ili mizizi ya hewani iushike. Lifunge shina lenyewe, usifunge vikonyo vya majani. Juu ya kila kikonyo, jani linapoanzia, pana kiungo kinachonyumbulika ambacho hulisaidia jani kugeukia nuru. Ile mizizi mirefu inayoning'inia usiikate kwa kuona haipendezi. Ielekeze kwenye mti au ndani ya chungu.

Maji ndiyo yanayoua monstera nyingi za ndani, kwa kuzidi. Chomeka kidole kwenye udongo. Sentimita tatu hadi tano za juu zikiwa kavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Chungu kisicho na matundu chini hakifai, hata kama ni kizuri namna gani. Udongo uwe mwepesi: changanya udongo wa msituni au mboji iliyoiva na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kokoto ndogo au vipande vya mkaa. Majani ya chini yakigeuka manjano ilhali udongo umelowa, mizizi inaoza. Matone ya maji kwenye ncha za majani alfajiri yasikutishe, mmea unatoa maji uliyonyonya usiku. Nairobi au Arusha, Julai baridi inapokaza, ukuaji hupungua na maji nayo yapungue.

Vumbi la barabarani hupunguza nuru inayoingia kwenye jani, kwa hiyo pangusa kwa kitambaa chenye majimaji na ukague upande wa chini, maana ndiko wanakojificha utitiri na vidung'ata. Ukitaka mche mwingine, kata kipande cha shina chenye kifundo, panapotokea jani na mzizi wa hewani. Jani na kikonyo peke yake huweza kukaa majini muda mrefu bila kuzaa mmea.

Kwenye nyumba ya watoto wadogo, paka au mbwa, uweke wasipofika. Kama gimbi bichi, una chembe kali za kalsiamu okzaleti zinazochoma mdomo na koo zikitafunwa. Hata tunda lake linazo likiwa bichi. Ndani ya nyumba ni nadra kuchanua, lakini bustanini kwenye joto huzaa tunda refu kama gunzi la mahindi, linalochukua takriban mwaka kuiva na lenye ladha ya nanasi na ndizi. Huiva kuanzia upande wa kikonyo, na magamba yake ya kijani huachia yenyewe. Kula sehemu ambayo magamba yamedondoka tu, na iliyobaki isubiri ifike zamu yake.