Dawa za asili, virutubisho na kemo: dhana potofu kuhusu saratani ya utumbo mpana iliyosambaa

Wiki ya kwanza baada ya majibu kutoka, simu ya mke au mume wa mgonjwa haipumziki. Huyu anapendekeza mizizi, yule dripu ya vitamini C, wa tatu anasema sukari ikatwe leo leo. Nia ni njema, ila atakayebaki na chupa 9 mezani na ratiba ya kemo (dawa za hospitali za kuua seli za saratani) ya kila wiki 2 ni mwenzi wa mgonjwa.

"Tiba jumuishi ni tiba mbadala iliyopewa jina zuri."

Ni vitu viwili. Tiba jumuishi huongezwa juu ya matibabu ya hospitali, daktari akijua, kwa lengo linalotajika: kichefuchefu, maumivu, usingizi, uchovu. Tiba mbadala ni kuacha matibabu na kushika kingine. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliangalia wagonjwa 281 wa saratani za aina 4 waliochagua tiba mbadala pekee. Kwa wale wa utumbo mpana na puru, hatari ya kufa ilizidi mara 4 ya waliotibiwa kwa njia za kawaida. Saratani zao zilikuwa hazijasambaa mbali, kwa hiyo tarakimu hiyo usiihamishe kama ilivyo kwa mgonjwa wa hatua ya 4, yaani ambaye saratani yake imeshasambaa mbali. Kwa huyu, mara nyingi kemo hulenga kurefusha maisha na kupunguza dalili, na ana haki ya kuuliza kila awamu inamletea nini na inamtoa nini.

"Cha asili hakidhuru."

Hapa ndipo penye makosa mengi, na si kwa sababu mimea ni sumu. Ini linalovunja dawa za kemo ndilo linalovunja mimea. Mmea wa Hypericum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, huliamsha ini lifanye kazi kupita kawaida. Mwaka 2002 watafiti waliwapa mmea huo wagonjwa 5 waliokuwa wakitumia irinotekani, mojawapo ya dawa za kemo, na kiwango cha dawa yenyewe inayoshambulia saratani kikashuka kwa asilimia 42. Mgonjwa amechomwa dripu kamili, mwilini imebaki kama nusu, na hakuna dalili ya kumwonya. Balungi hufanya kinyume: huweza kuchelewesha uvunjwaji wa dawa, ikarundikana.

Hata vitamini za kawaida zina mtego. Asidi ya foliki, iliyomo kwenye multivitamini nyingi, huongeza ukali wa kapesitabini, kemo ya vidonge: vidonda vya mdomo, kuharisha, viganja na nyayo kuchubuka. Ginkgo na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, jambo zito zaidi kwa anayepewa bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu. Kitunguu saumu cha kwenye mboga si tatizo. Linaloleta shida ni dozi iliyokolezwa kwenye kidonge.

Kwa hiyo panga chupa zote mezani. Kwenye karatasi moja andika jina, miligramu kwa kidonge, mara ngapi kwa siku, tarehe aliyoanza na sababu ya kukitumia. Mpe mfamasia wa kitengo cha saratani kabla ya awamu inayofuata, pamoja na majina ya dawa za kemo. Chupa iliyoandikwa "mchanganyiko maalumu" bila kutaja viambato na kiasi iwekwe kando isitumike, ila mfamasia aambiwe kama mgonjwa ameshaitumia.

"Dripu ya vitamini C huua saratani, ila hospitali hazitaki ijulikane."

Imepimwa waziwazi. Majaribio ya vidonge katika Mayo Clinic, ya mwaka 1979 na 1985, hayakuona faida. Mwaka 2022 yakachapishwa majibu ya jaribio la China: wagonjwa 442 wa saratani ya utumbo mpana na puru iliyosambaa, wote kwenye kemo, nusu wakiongezewa dripu ya gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito, siku 3 za mwanzo za kila awamu. Muda wa ugonjwa kutosonga mbele ulikuwa miezi 8.6 kwa walioipata na 8.3 kwa wasioipata, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, dripu hiyo hupasua chembe nyekundu za damu. Kwa mwenye kisukari huvuruga usomaji wa kipimo cha sukari cha kidoleni, akajidunga insulini asiyoihitaji.

"Akifunga au akiacha sukari, saratani itakufa njaa."

Anayekufa njaa ni mgonjwa. Seli za saratani hutumia sukari nyingi, kweli, lakini mwili huitengeneza wenyewe hata usipoila, ikiwemo kwa kuvunja misuli. Lengo linalopendekezwa ni kalori 25 hadi 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini gramu 72 hadi 90. Mpime uzito mara 2 kwa wiki, asubuhi, baada ya haja, mzani uleule. Akipoteza kilo 3 bila kukusudia, mpigie daktari, usisubiri miadi.

"Sanamaki, majani ya kuharisha, husafisha sumu za kemo."

Sanamaki huharisha, basi. Irinotekani nayo huleta kuharisha kunakoanza zaidi ya saa 24 baada ya dripu. Viwili vikikutana mgonjwa hukaukiwa maji, na chembe nyeupe za damu zikiwa chini anaweza kupoteza maisha. Homa ya nyuzi 38 na zaidi wakati wa kemo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

"Basi hakuna cha ziada kinachosaidia."

Vipo. Tangawizi, nusu gramu hadi gramu 1 kwa siku, ilipunguza kichefuchefu katika jaribio la wagonjwa 576, wakiitumia pamoja na dawa za kuzuia kutapika. Kutembea hupunguza uchovu. Maumivu ya mishipa ya fahamu yanayoachwa na oksaliplatini, dawa nyingine ya kemo, hutulizwa kiasi na duloksetini, ambayo ni dawa ya daktari. Na kwa siku kadhaa baada ya dripu ya oksaliplatini, maji baridi yaepukwe na friji ifunguliwe kwa glavu.

"Tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na dalili, ni ya siku za mwisho."

Huanza siku ya kwanza, sambamba na kemo. Na kabla ya kununua chochote, ulizeni kama uvimbe umepimwa RAS, BRAF na MSI, vipimo vya vinasaba vya uvimbe vinavyosaidia kuchagua dawa. Wenye MSI ya juu ni wachache, karibu 5 kwa kila 100 wenye saratani iliyosambaa, lakini kwao pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ilizuia ugonjwa kusonga kwa miezi 16.5 dhidi ya 8.2 ya kemo. Ulizeni pia kama madoa ya saratani iliyosambaa kwenye ini yanaweza kukatwa.

"Daktari asiambiwe, atagomba."

Huenda akagomba. Lakini unga ukichanganywa kwa siri kwenye chakula cha mgonjwa, kuharisha kukaanza siku ya 5, daktari atadhani ni kemo, atapunguza dozi ya dawa iliyokuwa ikifanya kazi, na unga utaendelea kuwa kabatini.