Sindano ya mgongo haijakuharibu kiuno

Jamani, tuseme tena. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, kila mama aliyewahi kupasuliwa ili ajifungue Mombasa hii anashika kiuno na kuilaumu ile sindano ya ganzi ya mgongoni. Na mtoto yuko darasa la tatu! Dawa yenyewe ya ganzi, bupivakeini nzito ya 0.5%, mililita 2 hivi pamoja na fentanili kidogo (dawa kali ya maumivu), huisha nguvu kwa saa chache. Ukishaweza kunyanyua miguu, ganzi imekwisha.

Wala sisi watoa ganzi hatuchomi ugwe wa neva, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima ugwe huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi huingia chini yake, kati ya pingili ya 3 na 4 au ya 4 na 5, penye maji na mizizi ya neva inayoelea. Neva kuumia hutokea, nisikudanganye, ila ni nadra sana.

Kiuno kimeponzwa na mimba yenyewe. Homoni zimelegeza kano za nyonga, tumbo limeuvuta mgongo kwa miezi, kisha mama ananyonyesha amejikunja kitandani, na mfereji ukikauka anainua mtungi wa lita 20 kabla arobaini haijatimia. Waliojifungua kawaida bila ganzi yoyote wanalalamika vilevile, na tafiti zilizowalinganisha hazikuona tofauti ya maumivu ya muda mrefu. Sindano huacha maumivu ya siku chache pale ilipopita, zaidi kama ulidungwa mara nyingi kwa kuwa nafasi ya pingili haikupatikana. Hayo ni yetu, sikatai.

Kesi halali dhidi yetu ni ya kuumwa kichwa, na hiyo hakuna anayeileta. Ukiketi kinagonga, ukilala kinatulia. Kwa kawaida huanza ndani ya siku 3, kwa sababu maji yanavuja kupitia kitundu ambacho sindano imekiacha kwenye utando unaozunguka maji hayo ya mgongo. Kwa hiyo ncha ya sindano ndiyo mambo yote: ile ya kukata huchana nyuzi za utando, ile ya ncha ya penseli huzisukuma kando. Kumdunga mama mzazi kwa geji 22 ya kukata ni kumtafutia balaa (geji ni unene wa sindano: namba ikipanda, sindano ni nyembamba). Mpe 25 au 27 ya penseli, hata kama bei yake iko juu.

Halafu ile amri ya kulala chali bila mto saa 24! Haizuii kichwa. Mama ananyimwa mto, kunyonyesha kunamshinda, damu inapata nafasi ya kuganda miguuni, yote kwa mazoea ya wadi tu.

Kichwa kikishaanza, ni parasetamoli, maji na kulala pale kinapozidi. Kuna wanaoapa kwa kahawa chungu ya Mji wa Kale, na kafeini hata sisi tunaiandika, ingawa ushahidi wake ni hafifu na nafuu yenyewe ya saa chache. Kikikataa, tunachukua damu yako mwenyewe mkononi, mililita 15 hadi 20, kwa usafi wa chumba cha upasuaji, tunaisukuma taratibu nje ya utando izibe. Wengine hulazimika kurudiwa. Lakini kichwa kisichojali umelala au umeketi, au kinachokuja na presha, maluweluwe au degedege, usikisingizie sindano: rudi hospitali usiku huohuo.

Wanaodai nusu kaputi, ganzi ya kulazwa usingizi kabisa, ili “kuokoa mgongo” wanakimbilia pabaya zaidi. Koo la mjamzito huvimba, bomba la kupumulia tunalomwekea huwa gumu kupita, na chakula hupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni. (Ndiyo maana kabla ya upasuaji hufungwa kula. Chai ya maziwa ni chakula: iache saa 6 kabla. Maji matupu: saa 2.)

Uliza kama utatiwa mofini (dawa kali ya maumivu), mikrogramu 100, ndani ya sindano hiyohiyo ya mgongo. Kidonda hutulia hadi kesho yake, ingawa utajikuna, pua hasa. Juu yake parasetamoli gramu 1 kila saa 6, na diklofenaki (nayo ya maumivu) kama figo na presha zinaruhusu, kwa kufuata saa, si kungoja mpaka ulie. Saa ya dawa ikipita, mwite nesi, usione haya.