Kucheki biti ya x kwenye faili: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Vijana wa kuandika kodi (code) hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, huku kukosea kucheki x, yaani ruhusa ya kurun faili kwenye Linux, nakukuta sana kwenye skripti na kunaniuma, maana kodi inapita vizuri tu halafu inakudanganya.

Dhana kubwa kuliko zote: ukiandika st_mode & 111 kwenye Python umeshacheki ruhusa ya kurun (st_mode ni namba inayobeba ruhusa za faili, na alama ya katikati inabakiza biti zilizopo kwenye namba zote mbili). Hapana jamani. Ruhusa zinaandikwa kwa msingi wa nane, kwahiyo namba ya kuchujia ni 0o111, yaani x ya mwenye faili (64), ya grupu (8) na ya wengine (1), jumla 73. Hiyo 111 yako ni ya kawaida, ukiipeleka msingi wa nane ni 157, humo ndani zimejipenyeza biti za kusoma na kuandika. Chukua faili la 644 (mwenyewe anasoma na kuandika, waliobaki wanasoma tu), halina x hata moja, kwa hesabu ya kawaida ni 420, sasa fanya 420 & 111 unapata 36, sio sifuri, basi if inapita na skripti inaamini txt ni programu.

Wengine wanalazimisha jibu liwe sawa na 0o111. Hiyo inataka wote watatu wawe na x, faili la 700 (ruhusa zote ni za mwenyewe peke yake) linakataliwa wakati mwenyewe analirun freshi. Linganisha na sifuri tu: jibu lisipokuwa sifuri, kuna x. Na nyie wa C wekeni mabano, kule == inatangulia &, mode & 0111 == 0111 inageuka mode & 1.

Halafu kuna dhana ya "x ipo kwahiyo naweza kurun". Keneli, yaani kiini cha Linux kinachoamua ruhusa, haijumlishi: kama faili ni lako inaangalia x yako tu, ikizimwa umekwama hata kama wengine wote wanayo, rooti (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake ndo anatosheka na x yoyote. Kujua wewe kama wewe unaweza, tumia os.access na os.X_OK za Python. Folda nazo zina x, ila ni ya kupita ndani, kwahiyo hakikisha kwanza ni faili.

Na zile fleshi za FAT (mtindo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski) tunazopokezana steshenari hazina pa kutunza x, Linux inajipachikia kutokana na ilivyomaunti (ilivyoiunganisha fleshi), wakati mwingine hadi PDF inaonekana ina x. Ukikopi kwa cp hizo x zinakuja na faili mpaka kwenye diski, uzitoe mwenyewe kwa chmod a-x.