Je, wajua kwa nini amplifaya ya valvu hula fyuzi?

Amplifaya ya gitaa inayotumia valvu (chupa za kioo zinazokuza sauti) ikikata fyuzi mara moja, huenda ni bahati mbaya tu: umeme umerudi kwa nguvu baada ya kukatika, au fyuzi yenyewe ilikuwa imechoka. Ikikata ya pili, ujue ndani kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi, na fyuzi ya tatu haitakitibu. Hapo ndipo wengi huweka fyuzi kubwa zaidi, au huizungushia ile iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Amplifaya itawaka, lakini sasa kitakachoungua ni transfoma, na hakuna kifaa ghali kuliko hicho humo ndani.

Kabla ya kuifungua, hakikisha fyuzi ni ile inayotakiwa. Kwenye kofia ya chuma ya fyuzi ya kioo huandikwa kitu kama T2A 250V. T ni fyuzi ya kuchelewa, F ni ya haraka. Swichi inapowashwa, transfoma huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana, nyuzi za kupasha valvu moto zikiwa baridi huvuta kuliko kawaida, na kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji) zinajijaza. T huvumilia msukumo huo. F hukatika hata kama amplifaya ni nzima kabisa.

Kwetu kuna chanzo kingine. Amplifaya nyingi zilizouzwa Marekani zimeundwa kwa volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya, fyuzi haina budi kukata. Kama ina kitufe cha kuchagua volti, ukikihamisha kutoka 120 kwenda 240, fyuzi nayo hupungua nusu: palipokuwa na ampea 4 huwekwa 2.

Haya yakiwa sawa, swali kubwa ni moja: inakatika saa ngapi? Valvu haipitishi umeme mpaka ipate moto, na hiyo huchukua kama sekunde 15 hadi 30. Fyuzi ikikatika papo hapo unapowasha, shuku transfoma ya umeme, daiodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), au kapasita kubwa za kuchuja. Ikikatika pale unapoondoa stendibai (swichi inayozuia volti kubwa valvu zikipata moto), hitilafu iko upande wa volti kubwa. Ikikubali kuwaka, valvu zikapata moto, halafu ikakata baada ya dakika kadhaa za kupiga, elekea kwenye valvu za nguvu, zinazoendesha spika, na bayasi yake, yaani volti inayodhibiti mkondo wake. Itazame pia fyuzi yenyewe. Kioo kilichopakwa weusi au rangi ya fedha ni dalili ya shoti kali. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati, mzigo ulizidi kidogo tu.

Sasa tahadhari, na hii naomba isichukuliwe kama desturi ya kuandika. Kapasita za kuchuja hubaki na volti 400 au zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa, na umeme huo unaua. Ziondolee chaji kwa rezista ya kilo-omu 10, ya wati 5 au zaidi, iliyofungwa kwenye waya zenye ganda zuri, kisha pima kwa mita mpaka uone volti zimeisha. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpelekee fundi.

Fundi naye hachomi fyuzi kumi akitafuta kosa. Hufunga balbu ya uzi ya wati 60 au 100 kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Amplifaya ikiwa nzima, balbu huwaka kwa nguvu kisha hufifia. Ikiwa na shoti, balbu hubaki inang'aa, na umeme mwingi huishia kwenye balbu badala ya kuunguza vifaa. Balbu za LED hazifai kazi hii.

Hatua inayofuata ni kuchomoa valvu za nguvu, zile kubwa kama EL34 au 6L6, na kuwasha tena. Balbu ikififia, basi kosa liko kwenye valvu hizo au kwenye kinachozidhibiti. Kwenye amplifaya nyingi za aina hii, kila valvu ya nguvu hupewa volti hasi kwenye gridi yake (wavu mdogo wa ndani) ili isipitishe umeme ovyo; hiyo ndiyo bayasi. Chukua EL34, ambayo anodi yake (bati linalopokea mkondo) inastahimili wati 25. Kwa volti 450 na miliampea 40, inabeba wati 18, haina shida. Bayasi ikipotea, mkondo ukafika miliampea 150, inabeba zaidi ya wati 67. Zima taa ya chumba utaona bati la anodi likiwa jekundu kama kaa la moto.

Mara nyingi valvu yenyewe haina hatia. Nyuma ya gridi kuna kapasita ndogo inayoleta sauti kutoka hatua iliyotangulia, ambako kuna volti kama 200. Ikianza kuvuja, volti hizo hupenya hadi kwenye gridi na kuifuta bayasi. Ndiyo maana mtu hununua valvu mpya za bei kubwa, anapiga siku mbili, fyuzi inakatika tena. Valvu za nguvu zikiwa nje, pima pini namba 5, ambayo ni ya gridi, ya kila soketi: soketi za pande zote mbili zisome volti hasi zinazokaribiana. Upande mmoja ukielekea sifuri au chanya, badilisha kapasita hiyo kwanza, kisha angalia rezista zake.

Chungulia pia soketi. Pini ya 3 ina volti kubwa ya anodi, na jirani yake ya 2 ni ya uzi wa kupasha valvu moto. Amplifaya ikipigwa bila spika, transfoma ya sauti, iliyo kati ya valvu na spika, hurusha volti za juu sana, na cheche huruka kati ya pini hizo. Zikishaacha mstari mweusi wa kaboni, umeme umepata njia ya kudumu. Usiukwangue, badilisha soketi.

Amplifaya zenye valvu ya rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC), kama GZ34, zichomolewe hiyo pia. Wapo wanaoongeza ukubwa wa kapasita ya kwanza ya kuchuja wakitaka besi nzito, ilhali GZ34 ina kikomo cha mikrofaradi 60. Ukizidisha, hupiga cheche ndani wakati wa kuwaka.

Valvu zote zikiwa nje na balbu bado inang'aa, tenganisha waya za upande wa pili wa transfoma ya umeme. Ikiendelea kung'aa, transfoma imekufa. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kuisuka upya wakipewa volti zake zote. Ya sauti ni ngumu zaidi, kwa sababu tabaka zake hupishana moja ndani ya nyingine, na akizisuka kwa mpangilio mwingine sauti ya gitaa hubadilika. Hiyo ni bora kuagiza ya aina ileile.